Kopo Ulilolibeba Kichwani

Quitunda, Palma
9 Agosti 2025

Kwa shoga yangu Bi Chamima,
Mikindani, Mtwara

Asalaam aleikum, Chamima. Nimeanza na salamu ya kwenu, sasa nakupa ya kwetu: Tumsifu Yesu Kristo. Najua utaijibu kama unavyoijibu siku zote, kwa kucheka na kunipungia mkono. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mguu wako uliokuwa ukivimba kila jioni umepata nafuu. Kaka yako Sualehe hajambo? Wajukuu je, wanasoma au wanashinda kwenye mpira? Mimi huku namshukuru Mungu kwa kila asubuhi anayonipa, na siku hizi sidai ya pili yake.

Kabla hujaendelea nina ombi. Isome barua hii mwenyewe. Najua macho yako yamechoka, lakini nimeandika kwa herufi kubwa, zile zile nilizokufundisha katika darasa la watu wazima pale Palma, wewe ukiniambia kwamba herufi "g" inakutazama kama mkwe. Soma polepole, hata kwa siku tatu. Usimpe mpwa wako Suleimane akusomee. Yeye ataileta tu kutoka Namoto mpakani, nami nimeifunga kwa gundi na uzi kwa sababu namjua.

Kuhusu afya yangu sitakuficha. Moyo umechoka, miguu imejaa maji, na ngazi mbili za kibaraza hapa zinanishinda. Nesi alimwambia Cleide nje ya mlango, akidhani mimi ni kiziwi, kwamba wanipe chochote ninachotamani kula. Mtu akiruhusiwa kula kila kitu, Chamima, basi ajue. Nilitamani vitumbua vyako. Cleide akajaribu kupika, maskini, vikatoka vigumu. Nikamwambia ni vitamu, akasema mama profesora hujawahi kuwa mwongo mzuri. Utaona mbele jinsi alivyokosea.

Cleide unamkumbuka, yule mtoto wangu wa ubatizo. Naishi kwake, katika nyumba ya matofali ambayo wazazi wake walipewa walipohamishwa kutoka kwenye ardhi ya gesi. Mumewe amepata kazi ya jikoni ndani ya uzio kule Afungi, anamenya viazi kutwa nzima. Anasema hakujua kwamba duniani kuna viazi vingi hivyo. Jumapili tunasali barazani kwa jirani, watu thelathini hivi, na Padre huja mara moja kwa mwezi njia ikiruhusu. Cleide ndiye mweka hazina wa jumuiya yetu, na habari yangu inaanzia kwenye hazina hiyo.

Wiki tatu zilizopita alikuja kitandani kwangu na kadi yangu ya dizimo. Kadi hiyo unaijua vizuri kuliko Wakristo wengi: karatasi ngumu yenye vyumba kumi na viwili, chumba kimoja kwa kila mwezi, na Mkristo akitoa sehemu yake kwa kanisa anagongewa muhuri. Cleide alikuwa anacheka. Akasema mimi ndiye mlipaji bora wa jumuiya nzima, nimelipa mpaka Desemba, wakati kuna wazee wenye sauti kubwa za kwaya ambao hata Februari imewashinda. Nikamwuliza nani ameleta hela. Akanishangaa. Akasema Suleimane, kama kawaida.

Kama kawaida! Nilidhani jambo lile la kunilipia liliisha mwaka wa elfu mbili na ishirini na moja, ulipovuka kwenda kwa kaka yako. Cleide akafungua sanduku lake akanionyesha kadi nyingine tatu, za miaka iliyopita, zote zimejaa mihuri. Alizitunza kwake kwa sababu mimi sikuwahi kuziulizia. Kwa nini sikuulizia? Hilo nalo ni swali, nami tangu siku ile nimejilaza hapa nikijiuliza maswali kama mtoto wa darasa la kwanza.

Suleimane alipopita Jumatano nilimhoji. Alijitetea kwamba yeye ni mbebaji tu, nisimtie katika mambo ya dini za watu. Nikamkazia macho ya ualimu mpaka akasema yote. Akaniambia kwamba unakaanga maandazi ya kuuza kwenye kituo cha mabasi, na kwamba kila siku, kabla hujanunua hata sukari, unatupia sarafu moja kwenye kikombe kilichofungwa uzi mwekundu. Akasema wajukuu wakikigusa unawafukuza na mwiko, unawaambia kile ni cha kanisa la yule mwalimu wako Mmakonde, na atakayechukua atafundishwa hesabu na yeye mwenyewe kaburini. Suleimane alicheka sana akisimulia. Mimi nilicheka kidogo, halafu nikamwomba Cleide anigeuze upande wa ukutani.

Sasa nirudi nyuma, maana nataka tulitazame jambo hili pamoja tangu mwanzo.

Mwaka wa 2009 ulikuja kwangu kuazima chujio, ukaiona kadi imening'inia kwenye msumari karibu na mlango. Muhuri ulikuwa mmoja tu, wa Januari, na tulikuwa mwezi wa tisa. Ukauliza vile vyumba vitupu ni vya nini. Nami kwa mzaha nikakujibu kwamba hivyo ndivyo nitakavyoulizwa siku ya kuzikwa. Nilisema nikasahau. Wewe hukusahau. Kwenu, kabla maiti hajasaliwa, ndugu husimama mbele ya watu akauliza nani anamdai marehemu. Kumbe uliondoka pale ukiamini kwamba rafiki yako anadaiwa na Mungu miezi minane, na akifa hivyo hatakuwa na wa kumsimamia.

Baada ya wiki mbili nikaikuta kadi imejaa mihuri. Nikakufuata sokoni. Ulikuwa unapanga vitumbua, hukuinua hata kichwa. Ukasema nifundishe watoto, nikuachie hili, kwamba pensheni ya serikali unaijua, inakuja kwa mguu wa kobe. Ukaongeza kwamba mtu anayenunua nyanya kama anachagua mchumba, akizigeuza moja moja mpaka muuzaji anazeeka, hana hela, na hana haja ya kuona haya mbele yako. Wanawake wote wa soko wakacheka. Nami nikacheka.

Pale ndipo nilipotakiwa kukwambia mambo mawili. La kwanza, kwamba dizimo si deni. Ni shukrani, mtu anaitoa kwa hiari, na hakuna atakayeizuia sanda yangu kwa sababu ya vyumba vitupu. La pili, kwamba pensheni yangu ilikuwa imeingia, na ya mwezi wa nyuma yake, na ya nyuma yake tena. Sikusema lolote. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya ajabu, kama mtu aliyeokota kitu. Ukaendelea kulipa miaka yote hiyo, nami nikaendelea kuongoza sala ya shukrani.

Sikupi sababu, Chamima, kwa kuwa sina. Ninachokupa ni yale niliyoyaona nilipojichunguza.

Nimegundua kwamba Mungu nilimpa vitu vingi bila kuhisi uzito. Nilimpa usingizi wangu, nikikesha Pasaka. Nilimpa sauti, miguu, na Jumamosi zote za miaka thelathini na moja nikifundisha watoto kwamba mali ni yake na sisi tumekabidhiwa tu. Nilifundisha nikiamini. Lakini kapu la sadaka likikaribia, moyo ulianza kunidunda kana kwamba nimeitwa mbele ya mkaguzi. Nilitia sarafu moja, nikiikunjia kiganja ili isionekane ni ipi. Niliwatazama wengine. Palikuwa na mzee aliyegonga sarafu zake mbili ukingoni mwa kapu ili zisikike vizuri. Palikuwa na mama aliyetia noti ya mia mbili na kujichukulia mwenyewe chenji ya mia na themanini, bila haraka, kama yuko dukani. Niliwacheka moyoni. Hata hivyo wao waliachia kitu, kila mmoja kwa namna yake.

Nimejaribu kusema ni utoto wa vita. Nilisoma Tanzania katika kambi ya wakimbizi, unga tulipimiwa kwa kikombe, na aliyebakiza ndiye aliyekula kesho. Lakini wenzangu niliokula nao kikombe hicho hicho wamekuwa watoaji wakubwa. Nimejaribu kusema ni baba yangu. Yeye alizika eskudo za Wareno chini ya kitanda, na nchi ilipobadili fedha akawa na siku chache tu za kuzibadilisha, akachelewa, zikawa karatasi za kuwashia moto. Mtu angetegemea mtoto wa baba huyo ajifunze kutumia hela mapema. Mimi nilijifunza kuhesabu zangu kila jioni.

Nilipofika hapo nikaona kitu kimoja ambacho mpaka sasa kinanishangaza. Nilimwamini Mungu kwa uzima wa milele, wala sikuwa na shaka hata siku moja. Ila sikumwamini kwa Jumanne ijayo. Jumanne niliipangia mwenyewe. Je, hiyo ni imani nusu, au ni kutokuwa na imani kabisa na kupenda nyimbo tu? Nilimwuliza Padre alipokuja kunipaka mafuta ya wagonjwa. Yeye ni kijana, angeweza kuwa mjukuu wangu. Akafikiri, akasema hajui, ila yeye mwenyewe hukagua simu yake kila usiku kuona kama hela zimeingia, na huwa anafanya hivyo kabla ya kusali. Nilimpenda kwa jibu hilo.

Basi nikamwungamia yote. Nikamweleza habari ya kadi, na habari nyingine ambayo wewe huijui. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliponipa maondoleo akaniuliza kama wewe ungali hai. Nikasema ndiyo. Akauliza kama unajua. Nikasema hapana. Akavua ile stola yake shingoni, akaikunja, akasema kwamba Mungu amekwisha kuambiwa na hakuwa na haja ya kuambiwa, sasa aambiwe aliyebeba. Alitumia neno hilo hilo, aliyebeba.

Shoga yangu, kaa chini kama umesimama.

Unaikumbuka siku ile ya mwezi wa tatu, 2021, washambuliaji walipoingia Palma. Wewe ulikuwa umefunga mzigo wako tayari: doti za vitenge ulizozileta kutoka Mtwara wiki ile, mtaji wako wote. Ulipita kwangu kunichukua kwa sababu ulijua sitatoka peke yangu. Ulinikuta nimeshika kopo kubwa la maziwa ya unga, nimelifunga kwa kanga mbili, siwezi kukimbia nalo na siwezi kuliacha. Milio ilikuwa inakaribia. Ukauliza kwa ukali ni nini hicho. Nami nikakujibu kwamba ni vitu vya kanisa. Nilisema rozari, nilisema vyombo vya altare, nilisema na daftari la ubatizo.

Ulinitazama kidogo tu. Ukautua mzigo wako wa vitenge mlangoni pangu, ukalipandisha kopo kichwani. Ulisema vyako vitapatikana, vya Mungu havitupwi njiani. Tukaondoka.

Tulitembea tangu mchana mpaka alfajiri kupitia mikokoni na mashamba ya mihogo. Ulilishikilia kichwani kwa mikono miwili. Nilipokwambia lipumzishe, ulikataa kuliweka chini kwa kuwa ardhi ile ilikuwa chafu, watu walikuwa wamejisaidia. Ulipokwenda kichakani ulinipa mimi nilishike, ukarudi, ukanawa mikono kwa maji yako ya kunywa, ndipo ukalichukua tena. Nilikuona ukinawa, Chamima. Ulikuwa na nusu chupa ya maji na ulinawa.

Ndani ya kopo hilo hapakuwa na rozari. Rozari yangu niliisahau kwenye msumari. Palikuwa na meticali elfu thelathini na nane na mia nne, noti nilizozipanga kwa mafungu na kuzifunga kwa nyuzi, pensheni ya miaka mingi.

Kuna zaidi. Tulipofika hapa Quitunda tukakuta watu maelfu kwa maelfu. Chakula kilikuwa kimepanda bei mpaka watu walikuwa wanalia wakiambiwa. Siku ya tatu ulianza kutetemeka kwa njaa. Ukavua hereni zako za dhahabu, zile za marehemu mama yako, ukampa yule mtu wa gari jeupe, akakupa kilo tatu za mchele na chupa ndogo ya mafuta. Ulirudi ukasema masikio yamepata nafuu, yalikuwa yanawasha. Ukapika. Ukanipakulia mimi kwanza kwa sababu mimi ni mkubwa. Nikala. Nilikuwa nimekalia kopo.

Umekuwa ukifikiri miaka yote hii kwamba nililia siku ile kwa ajili ya Palma.

Nimejiuliza nini kilinizuia kufungua lile kopo, hata noti moja. Aibu ilikuwepo, kwa sababu ningelifungua ungeona. Lakini aibu ilikuja baadaye. Cha kwanza kilikuwa hesabu: nilikuwa napiga hesabu kwamba kwa bei ile, kilo moja ingenigharimu siku ngapi za baadaye. Rafiki yangu anatetemeka, nami napiga hesabu. Nilifundisha hesabu kwa bidii sana, Chamima. Na asubuhi yake tukasali pamoja, kila mmoja kwa dini yake, nami nikamshukuru Mungu kwa mchele.

Hayo ndiyo maungamo yangu. Sijui kama yanaandikika vizuri zaidi ya hapa.

Sasa habari ya wiki hii. Kopo lilikuwa limefika elfu sitini na moja na mia tano. Nimemwita Cleide, nimelifungua mbele yake, akakaa sakafuni. Akaniuliza kwa nini basi nilimwacha auze kuku wawili kuninunulia dawa ya moyo. Nikamwambia hilo nalo aliandike katika orodha ya madeni yangu. Ameandika. Hela za kuku wake nimemlipa, akazikataa, nikamlazimisha, akazichukua kwa hasira, na bado anapika kwa kelele. Nimemwagiza pia kwamba sarafu zako zisipokelewe tena kwa jina langu.

Zilizobaki anakuletea Suleimane, zimeshonwa ndani ya mto wa pamba. Yeye anajua kwamba zimo na anajua ni ngapi, kwa hiyo usimwogope, nimemwambia mbele ya Cleide. Humo kuna thamani ya vitenge na ya hereni, ingawa hereni za mama hazinunuliki tena, na kuna dizimo ya miaka kumi na sita. Zilizozidi ni zako pia. Usinirudishie na usizitoe sadaka kwa ajili yangu. Nunua miwani.

Lakini nikwambie ukweli mpaka mwisho, maana nimechoka na ule wa nusu. Nilizihesabu mara tatu. Mara ya tatu, Cleide alipotoka kwenda kuchota maji, nilichomoa noti moja ya mia tano nikaiweka chini ya godoro. Sina cha kununua nayo. Sanda imeshanunuliwa, jeneza fundi ameshapima. Nimeilalia siku nne sasa. Naitoa, naitazama, naamua kumpa Cleide, halafu naona nimeirudisha. Sioni hata uchungu tena, naona mshangao tu, kama mtu anayemwangalia mdudu asiyemjua. Nilidhani barua hii ikiisha nitakuwa nimeitoa. Barua inaisha, nayo ipo.

Kwa hiyo sikuombi msamaha kwa maandishi, wala usimtume Suleimane aje kuniambia umenisamehe. Nakuomba uje. Pita Namoto, Suleimane atakushika mkono kwenye mtumbwi, na Cleide atakupokea. Njoo unitukane kwa sauti, kama unavyowatukana wanaokupunja unga, majirani wasikie mimi ni nani. Ukimaliza, ingiza mkono chini ya godoro upande wa ukutani, uichukue mwenyewe. Kama nitakushika mkono, usiniache. Vuta.

Nisalimie Sualehe na nyumba yake yote. Wape wajukuu pole kwa ajili ya ule mwiko. Cleide anakusalimu, na mumewe wa viazi anakusalimu. Mungu wetu akulinde, na asikucheleweshe njiani.

Ni mimi, rafiki yako na mwalimu wako,

Ivone